Tarumbeta Iliyokwenda Mwaloni

Habari hii alinipa Wilhelmina, dada yake Dorcas, Jumatatu ya Pasaka mwaka huu, tukichambua dagaa nyuma ya nyumba yake Pasiansi. Yeye alicheka mpaka akaacha dagaa. Lakini Dorcas mwenyewe, wiki yote ya kuelekea Pasaka, hakucheka.

Kanisani kwao, alfajiri ya Pasaka, wapiga tarumbeta hupanda juu ya mawe wakauamsha mtaa mzima. Mmoja huanza peke yake, wengine humfuata. Mwaka huu aliyeteuliwa kuanza ni Dorcas, baada ya kupiga sauti ya pili tangu usichana wake. Alikuwa ameshawatangazia hadi wauza nyanya.

Basi wiki moja kabla, tarumbeta ikaanguka kutoka mezani, ikapata ufa pale bomba linapojikunja kuelekea mdomo mpana. Dorcas akamwambia mumewe, Revocatus, "Baba Kija, inavuja."

Revocatus ni fundi mitumbwi. Ukimtajia kitu kinachovuja, hali wala halali. Akaenda nayo mwaloni asubuhi, pale ufukweni anapoundia mitumbwi, jioni akairudisha inang'aa, ufa hauonekani. Dorcas akashukuru, akamkaangia sato mzima.

Siku ya mazoezi akapuliza. Sauti za chini zikatoka nzitonzito, kama mtu anayeongea ndani ya debe. Alipotaka kupanda kule juu unakoanzia wimbo wa Pasaka, kimya. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Ikatoka sauti ya ndama mwenye mafua.

"Midomo imechoka," alisema Mzee Luhende, kiongozi wao. Kesho yake akasema ni shaba. Aliigonga kwa ukucha. "Shaba ya siku hizi nyepesi, mwanangu, kama kopo la maziwa. Ikianguka mara moja, basi."

"Mbona kabla haijaanguka iliimba, mzee, na shaba ni hiihii?"

"Ndiyo maana nakwambia imeanguka."

Mtu wa hivyo utabishana naye vipi? Dorcas akaazima kinywa cha kupulizia cha Queen, binti wa kutoka Mkolani aliyewekwa akiba, aanze yeye endapo Dorcas angeshindwa. Wapi. Akatia vitufe mafuta. Wapi. Akaambiwa ameze yai bichi, akameza; sauti haikuja, likaja tumbo.

Jumamosi akaamua kuiosha. Akafunga kitambaa kwenye kamba, akakipitisha kutokea mdomo mpana, kikakwama. Akakivuta kwa hasira, kikarudi na uzi wa pamba wa buluu. Buluu ile aliijua. Mitumbwi yote ya mumewe ni buluu ile.

"Baba Kija, umefanya nini humu ndani?"

"Nimeziba. Pamba kwenye ufa, kisha nikamimina rangi nikaizungusha ndani, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Hiyo haivuji hata ukiitupa ziwani."

"Mikono mitatu."

"Ningeweka na wa nne, rangi ikaisha."

Dorcas akakaa chini. "Ungeziba kwa nje. Mtumbwi unazuia maji yasipite, hii inataka hewa ipite. Bomba lake linaanza jembamba, linapanuka polepole, na sauti inafuata upana huo. Ukilinenepesha ndani umelikaba koo, hata shaba iwe nzuri namna gani."

"Ulisema inavuja," Revocatus akajibu. Na kweli alisema.

Wakamimina petroli, wakasukuma, wakakwangua. Rangi ikatoka vipandevipande, lakini ile ya kwenye kona haikufikika. Jioni Dorcas akaenda mwenyewe kwa Mzee Luhende, akamwambia aanze Queen.

Alfajiri Queen akaanza, tena akaanza vizuri, na hilo ndilo lililomkera Dorcas zaidi. Yeye akafuata chini, sauti ya pili ileile, petroli ikimnuka puani.

Baada ya ibada na pilau wakajilaza. Revocatus akaikodolea macho tarumbeta.

"Nimefikiri, Mama Kija. Nikipata waya, nikaupasha moto..."

"Usiiguse."

"Nasema tu. Pale kwenye kona."

"Itaenda kwa fundi wa tarumbeta."

"Yuko wapi huyo?"

Dorcas hakujua. Akaivuta tarumbeta kifuani, akaikumbatia kwa mikono yote miwili. Usingizi ulikuwa umemwelemea tangu kanisani, lakini alimjua mumewe: yeye Dorcas akitangulia kufumba macho, waya utaingia. Akangoja. Revocatus akaizungumzia kona, akauzungumzia waya, maneno yakaanza kuachana, mwisho akakoroma, na alikoroma kwa sauti ya juu, safi, isiyokwama popote. Dorcas akamsikiliza kidogo, asije akawa anamdanganya. Ndipo na yeye akalala.