Fomu Haina Safu ya Miguu

"Mkate? Mimi mkate nimeuacha kama nilivyoacha kunyonya," alisema Gramu, saa nne na robo asubuhi, mbele ya idara nzima. "Hata harufu yake siikumbuki. Niwekee hapa mkate na tofali, nitakuuliza lipi ni lipi."

Idara nzima ilikuwa watu tisa na birika moja. Walimpigia makofi mepesi, makofi ya watu wenye njaa, kisha kila mmoja akarudi kwenye kikombe chake cha chai na vipande vyake vinne vya tango. Gramu naye alikula tango lake mpaka la mwisho, akajifuta vidole, akaaga kwamba anakwenda stoo kuhakiki mawe ya mizani. Huko stoo alifunga mlango kwa komeo. Nyuma ya sanduku la mawe ya kilo ishirini palikuwa na nusu ya mkate, iliyofungwa kwenye gazeti la juzi. Hakuichanganya na tofali hata kidogo.

Hii ilikuwa Idara ya Vipimo, ofisi inayozunguka madukani na sokoni kuhakikisha kwamba kilo ya muuza sukari ni kilo kweli. Ukutani paliandikwa kwa rangi nyekundu: MIZANI HAISEMI UONGO. Gramu alikuwa karani hapo kwa miaka kumi na mmoja, na jina hilo alipewa kwa sababu hajawahi kusamehe gramu ya mtu.

Mambo ya tango yaliletwa na muuguzi. Alikuja na kijisanduku chake, akawatoboa vidole mmoja mmoja, akakuta sukari iliyomo kwenye damu ya idara inaishinda iliyomo kwenye chai yake. Hakumfokea mtu. Aliwaambia wapunguze mkate mweupe, si lazima wauache kabisa, wale polepole, na zile biskuti za saa tano wazibadilishe na karanga au yai la kuchemsha. "Halafu kabla hujatafuna, jiulize," alisema. "Hii ni njaa, au umechoka tu kukaa?" Watu wakatazama chini, maana jibu walikuwa wamelikalia.

Muuguzi akaenda zake. Mkuu wa idara akayachukua yale maneno, akayageuza waraka. Siku thelathini: hakuna mkate, hakuna biskuti, hakuna keki, ndani wala nje ya ofisi. Kila Ijumaa kupimwa uzito. Atakayeshindwa kupunguza kilo tatu, mkataba wake hautaongezwa, kwa kuwa afya ya mfanyakazi ni heshima ya idara. Muuguzi hakuwa ametaja mkataba popote, lakini hakuwepo wa kuulizwa.

Ile mikate sita ya chai, ambayo muoka mikate alishapangiwa kuileta kila asubuhi mwaka mzima, haikuweza kusimamishwa. Mkuu akaagiza ipelekwe ofisini kwake ikateketezwe. Ikawa inateketezwa kila siku, kuanzia saa mbili hadi saa tano, mlango umefungwa. Moshi hakuna aliyeuona.

Watu wanane katika idara walikuwa na ajira ya kudumu. Mwenye mkataba alikuwa mmoja tu, Mama Birika, mpika chai, na mkataba wake wa mwaka ulikuwa unaisha siku ileile ya thelathini. Alikuwa amepika chai pale tangu binti yake yuko darasa la pili. Sasa binti yuko mwaka wa pili chuoni, na bado miwili. Mama Birika alikuwa pia dada mkubwa wa mke wa Gramu. Ndiye aliyemwambia Gramu, zamani hizo, kwamba idara inatafuta karani.

Siku ya tatu ya waraka, Gramu akiwa stoo na kipande cha nne kinywani, alihisi viatu vimekuwa vyepesi. Akatazama chini. Soli zilikuwa zimeachana na sakafu kwa upana wa dole gumba. Akamalizia kutafuna kwanza, maana si vizuri kushughulikia mambo mawili kwa wakati mmoja, kisha akainua mguu kuangalia kama soli imelika upande. Ilikuwa imelika. Akajisemea atampelekea fundi viatu.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Mkate una hamira, na kazi ya hamira ni kuumua. Ukila mkate mbele ya watu, unaumua tumbo tu. Ukiula kwa siri, unakuumua mzima mzima. Huko barabarani, watu waliokula mikate yao kwenye ngazi za maduka huku wakipiga soga walikuwa wakitembea chini kama kawaida.

Kufikia wiki ya pili, idara ilikuwa imenyanyuka. Katibu wa Mkuu aliketi nusu futi juu ya kiti chake, akachapa barua kwa mikono iliyonyooka. Wakaguzi walifunga kamba za viatu kwenye miguu ya meza. Mkuu mwenyewe, kwa uteketezaji wa mikate sita kwa siku, alishafika kwenye dari. Meza yake ikapandishwa juu ya meza nyingine, na faili zikawa zinamfikia kwa ule mti wa kufungulia madirisha ya juu. Wageni walipotoka walisema idara ile imepata kiongozi aliye juu ya mambo.

"Zamani nikipiga deki nilikuwa nawaomba mnyanyue miguu," Mama Birika alisema siku moja, akiwa katikati ya ofisi na ndoo yake. "Siku hizi napita tu."

Akakamua tambara, akaendelea.

Yeye mkate alikuwa ameuacha kweli. Siku za mwanzo, ikifika saa kumi, mkono wake ulikuwa ukienda wenyewe kwenye rafu ulipokuwa ukikaa mkate, unapapasa, unarudi mtupu kama mtoto aliyetumwa duka lililofungwa. Akaanza kuuhesabu mkono huo. Katika safari kumi, njaa ilikuwa tatu. Saba zilizobaki ni kukosa la kufanya. Zile tatu akazipa karanga, zile saba akazipa glasi ya maji na matusi kidogo. Akapungua taratibu. Magoti yakaacha kulalamika ngazini. Jioni akawa anatunga uzi kwenye sindano ya mdogo wake, mke wa Gramu, bila kumwita mtu amwonee tundu.

Ijumaa ikifika, mizani kubwa ilitolewa stoo na kuwekwa katikati ya ofisi. Gramu alisoma mshale na kuandika. Mkuu alivutwa chini kwa tai mpaka vidole vya miguu vikagusa sahani.

"Arobaini na moja," Gramu alisoma. "Mwanzo ilikuwa mia moja na nne."

Makofi.

"Nia, ndugu zangu," alisema Mkuu, huku ameanza kupanda tena. "Ni nia tu."

Katibu alikuwa amepungua kilo ishirini na mbili. Gramu alijipima mwenyewe, mkono mmoja kwenye ukingo wa meza asije akapitiliza, akajiandikia pungufu ya kumi na tisa. Kisha akapanda Mama Birika. Nyayo zote mbili zililala kwenye sahani, mshale ukasimama imara: sabini na nane na nusu, kutoka themanini. Gramu akaandika: hajafikia.

"Shemeji," Mama Birika alimnong'oneza, "kwani wewe huandiki unachokiona?"

"Naandika, shemeji. Mshale umesema."

"Mshale hauna macho. Mkuu si huyo, yuko juu na taa?"

"Fomu ina safu ya jina na safu ya uzito. Haina safu ya miguu iko wapi."

"Ichore basi. Si una rula?"

"Rula ninayo," alisema Gramu, "lakini ni ya idara."

Mama Birika akashuka kwenye mizani, akavaa kandambili zake, akaenda kuchemsha maji.

Nyumbani kwa Gramu kulikuwa na tatizo la upande wa pili: kule ofisini alitakiwa awe mwepesi, huku akae chini. Mke wake alikuwa fundi cherehani, na tangu siku ya waraka alisema, "Tutaacha wote, mume wangu. Usije ukaniona natafuna ukaingia majaribuni." Nyumba ikakaa wiki nne bila hata chembe ya mkate. Gramu aliingia kila jioni amevaa koti zito, na katika kila mfuko jiwe la mizani la kilo tano lenye mhuri wa idara.

"Koti, na joto hili?" mkewe aliuliza.

"Mtu akipungua, anasikia baridi."

Mke akaamini. Na kwa kuwa alikuwa fundi na mume alikuwa akimletea hesabu kila Ijumaa, alizipunguza suruali zote za mumewe kiunoni kwa kufuata hesabu hiyo. Gramu akawa anakaa kwenye kochi bila kupumua, akijibu maneno mafupi mafupi. Mke akasifu: kumbe mkate ndio uliokuwa ukimfanya apige domo.

Siku ya thelathini, Mama Birika alikuwa amepungua kilo mbili na robo tatu. Zilibaki gramu mia mbili na hamsini, na idara ile haikuwa na mtu wa kusamehe gramu. Barua ilichapwa na katibu, ikatiwa sahihi darini, ikateremshwa kwa mti wa madirisha. Gramu ndiye aliyempelekea. Mkuu alitunukiwa cheti cha mfano bora. Kilipigiliwa kwenye dari ili akione.

Jioni hiyo Mama Birika alikwenda kwa mdogo wake, akaweka barua mezani kati ya mkasi na vifungo. Hakulia. Alitunga uzi kwenye sindano, akampa mdogo wake, akatunga mwingine. Gramu aliingia, koti mwilini, akakaa. Kisha akaanza kuwasimulia mambo ya ofisini.

Alisimulia vizuri, hilo lazima akubaliwe. Alisimulia jinsi katibu anavyokula keki chooni, jinsi wakaguzi wanavyoficha biskuti ndani ya mitungi ya kupimia mafuta, jinsi Mkuu anavyoteketeza. "Wote wanaruka," alisema, na kwa uchungu akasahau kubana pumzi. "Wote! Ofisi nzima waliokaa chini tulikuwa wawili: shemeji, na mimi. Mungu anaona. Mimi mkate nimeuacha kama..."

Kifungo cha suruali kilikatika kikaruka. Gramu akainama kukisaka, na mshono wa mfuko wa kulia, uliovumilia wiki nne, ukaachia. Jiwe lilidondoka, likabingiria sakafuni, likasimama kwenye kandambili ya Mama Birika. Mfuko wa kushoto haukutaka kubaki peke yake, nao ukaachia.

Gramu akapanda. Alipanda polepole, bado amekaa, amekunja nne, mpaka kichwa kikagota kwenye dari.

Mkewe aliitazama mifuko iliyoning'inia. "Nilisema mimi," alisema. "Kitambaa kile hakikuwa cha kubebea mzigo."

Mama Birika aliokota jiwe, akalipima mkononi, akasoma mhuri. "La kwetu," alisema, akaliweka juu ya barua, isipeperushwe na upepo wa dirishani. Kisha akainua uso. "Shemeji. Jumatatu utauandika ukweli?"

Gramu alifikiri. Kule juu kulikuwa na joto.

"Jumatatu nina tangazo la kuandika, shemeji."

"La nini?"

"La mpika chai mpya. Mkuu anataka mtu mwepesi."

Cherehani ikaacha kulia. Mke wa Gramu alikata uzi kwa meno, akaenda nyuma ya mlango, akachukua ufagio wa mti mrefu, akamnyooshea mumewe.

"Basi ukiwa hukohuko toa utando wa buibui," alisema. "Anzia pembe ile. Na hayo makombo ya kwenye masharubu usituangushie, huku chini dada ameshafagia."