Jina la Baba Mkwe

Kuna jina moja hamtalisikia kutoka kwangu, hata mnikaange kwa mafuta. Ni jina la baba mkwe wangu. Kwetu Wabarbaig mwanamke akishaolewa hataji jina la baba wa mume wake, na hata neno linalofanana nalo analizunguka. Mkwe wako akiitwa Mvua, wewe utasema "maji ya juu" mpaka uzeeke. Nawaambia mapema ili msije mkanikatiza katikati na kuniuliza, "Kwani huyo mzee alikuwa anaitwa nani?" Kaulizeni wanaume.

Mume wangu Patriki alikuwa fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia, kwenye shamba la ngano la serikali, huku Hanang. Miaka ile Wakanada walikuwa wengi huku na mashine zao, na walimpenda Patriki kwa sababu alikuwa anaisikiliza injini kidogo tu, anakwambia inaumwa wapi. Wakampeleka kwao akasome. Alipomaliza akapata kazi huko huko, akapewa ruhusa ya kukaa. Mimi nikabaki kwenye boma la baba yake, nikimkamulia mama mkwe ng'ombe, maana miguu yake ilikuwa haimbebi tena. Mtoto sikuwa naye bado. Mwanamke kijana, hana mtoto, mume yuko ng'ambo: jamani, msiombe yawapate. Wengine walinionea huruma, wengine walinicheka, na wote waliniudhi sawasawa.

Siku moja Patriki akaandika kwamba serikali ya kule inaruhusu mtu amwite mke wake. Mke apeleke karatasi zake, kisha ahojiwe. Afisa akiridhika kwamba ndoa ni ya kweli, mke anasafiri. Asiporidhika, faili linafungwa, na mke anabaki alipo. Nilimpenda yule mwanaume, nilimtaka, na nilikuwa nimechoka kulala peke yangu. Nikasema nitazitafuta hizo karatasi hata kama ziko mbinguni.

Aliyenisaidia ni Kornelia, mpiga taipu wa ofisi ya shamba, Mwiraqw kutoka Endagikot, mdomo wake mkali lakini moyo mweupe. Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho. Nani angekiandika huko porini? Ikabidi twende mahakamani kutafuta hati ya kiapo. Mjomba wangu Lukasi akaapa kwamba anajua nilipozaliwa. Hakimu akamuuliza ni mwaka gani. "Ule mwaka ndama walikwama kwenye tope," akasema mjomba. Hakimu akamtazama, akamtazama, mwisho akachagua mwaka mwenyewe. Cheti cha ndoa tulikipata kwa padri. Alama za vidole nilichukuliwa polisi. Kwa ajili ya picha ya kifua nilipanda basi mpaka hospitali ya Haydom, nikakaa kwenye benchi na wagonjwa wenyewe, watu wanakohoa mpaka wanainama, mimi naona aibu kwa uzima wangu.

Halafu ikaja fomu. Kornelia akaingiza karatasi kwenye taipu, akanyoosha vidole.

"Jina la mume?"

"Patriki."

"Patriki nani?"

"Patriki wa baba yake."

Kornelia akaondoa mikono kwenye mashine. "Yesu na Maria! Justina, fomu haitaki hadithi."

"Muulize Nikolausi wa karakana. Yeye anajua."

Nikolausi akaitwa, akasimama mlangoni na mikono yake yenye grisi, akalitaja lile jina, akaondoka akicheka. Mimi nilikuwa natazama dirishani. Kornelia akalipiga, kisha akanigeukia. "Sawa, hapa tumepita. Lakini kwenye mahojiano Nikolausi hayupo. Utafanyaje?"

Tukaanza mazoezi. Kornelia alivaa miwani ya mhasibu, akakaza midomo kama Mzungu mwenye njaa, akaniuliza maswali. Mume wako anapenda kula nini? Ugali wa mtama na maziwa mgando. Ana alama gani mwilini? Kovu kwenye paja, alichomwa na bomba la moshi la trekta. Anakoroma? Anakoroma, na ukimwamsha anakataa. Haya, jina lake kamili? Kila tulipofika hapo, tulikwama.

"Huko Arusha utakakohojiwa hakuna Mbarbaig wa kukusikia," Kornelia alisema. "Liteme mara moja tu, kisha usukutue."

Nilijaribu, nisiwafiche. Nilikwenda peke yangu mpaka kando ya ngano, hakuna mtu wala mbuzi, nikafungua mdomo. Halikutoka. Si kwamba niliogopa laana, ingawa laana nayo ipo. Niliona kama namvua mzee shuka lake mbele za watu, na mzee yule hajawahi hata siku moja kunipandishia sauti. Nikafunga mdomo, nikarudi kukamua.

Sasa, mzee mwenyewe hakutaka niende. Alisema wazi mbele ya boma zima: "Ngano imechukua malisho. Mashine za ngano zimemchukua mwanangu. Na mke naye?" Nilikasirika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Mke wake hawezi kusimama, binti zake wameolewa mbali, ng'ombe wamenizoea mimi. Nikiondoka, nani?

Lakini ilipofika barua ya kuniita Arusha, iliandikwa kwamba kwa kuwa tulianza kuoana kimila kabla ya kwenda kanisani, mzazi wa mume akiweza kuja kushuhudia ni vizuri zaidi. Kornelia akamsomea. Mzee akasema, "Nitakwenda." Basi. Hakusema anakwenda kusema nini. Kama angesimama mbele ya afisa na kusema, "Huyu simjui," mambo yangekwisha pale pale, na mimi ningerudi naye kwenye maziwa yake.

Tulipewa lifti kwenye lori la ngano. Mzee alikaa mbele na dereva, mimi juu ya magunia, kama inavyotakiwa mkwe na mke wa mwanawe wakae mbalimbali. Arusha tulifika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, nikanawa kwenye bomba la kituo cha basi, nikabadilisha kitenge. Jengo la mahojiano lilikuwa na ngazi nje. Mzee akakaa kwenye ngazi na fimbo yake, mimi nikapanda.

Afisa alikuwa mama wa Kizungu wa makamo, ana mafua, kila mara anapangusa pua. Pembeni yake alikaa mkalimani, kijana wa mjini aliyejitambulisha kwa jina la Felician, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Afisa akafungua faili langu. Karatasi zote zilikuwemo, moja juu ya nyingine, na alizigeuza kwa adabu. Akauliza tulionana wapi. Nikajibu. Akauliza mahari ililipwaje, nani alikuwepo, padri nani alifunga ndoa. Nikajibu yote, hata na rangi ya ng'ombe. Felician alikuwa anatafsiri, mama anaandika, mimi nikaanza kujisahau kwa furaha.

"Anasema, taja jina kamili la mume wako."

"Patriki."

"Kamili."

"Limeandikwa hapo mbele yake."

"Anajua limeandikwa. Anataka alisikie kwako."

Nikamweleza Felician kwamba kwetu haiwezekani, kwamba ni jina la mkwe wangu. Akacheka kidogo. "Mama, hapa siyo porini. Ni jina tu."

Eh! Damu ikanipanda. "Mke wako wewe anamwita baba yako kwa jina?"

"Ikibidi, anaita."

"Basi poleni sana huko kwenu."

Afisa akauliza tunagombania nini. Felician akamweleza, sijui alieleza vipi, maana Kiingereza changu cha darasa la saba hakikufika huko. Yule mama hakukasirika. Alisema, na Felician akatafsiri, kwamba asubuhi hiyo hiyo alikuwa na mwanamke mwingine ambaye naye hakujua jina la aliyedai ni mume wake, kwa sababu ndoa yenyewe ilikuwa ya kutungwa. Wanakuja wengi wa namna hiyo. Kama siwezi kusema, basi niandike. Akanisogezea karatasi na kalamu.

Niliishika kalamu. Niliiweka chini. "Mwambie mkono nao ni wangu," nikasema. "Nikiandika, nimetaja."

Mama akapangusa pua. Akasema anasikitika, lakini akiandika kwamba mwombaji ameshindwa kutaja jina la mume wake, faili litafungwa, na kulifungua tena si rahisi. Alikuwa anasikitika kweli, nilimwona. Nikawaza mikono ya Patriki. Nikawaza nitakavyozeeka kwenye zizi lile. Lile jina lilikuwa limefika hapa, kwenye ulimi, fupi, mtu angelisema kabla hajapepesa macho. Nililia mbele yao, sioni haya kuwaambia. Kisha nikasema, "Mwenyewe yuko nje. Mwiteni mumuulize. Mimi silitaji."

Niliposema hivyo nilijua nimejikabidhi kwa mtu asiyetaka niende.

Felician akashuka kumwita. Nikasikia fimbo kwenye ngazi. Nikasimama kwenye kona, nikavuta kitenge mpaka usoni. Mzee akaingia na shuka lake jeusi, akakataa kiti. Felician akamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia. Afisa akauliza swali moja, na Felician akamgeuzia: "Mzee, huyu mwanamke ni nani kwako?"

Kiswahili cha mzee kilikuwa kidogo, alikuwa anakichagua neno kwa neno. "Kwanza mimi nauliza. Jina langu amelitaja?"

"Hapana, mzee. Amekataa kabisa. Kusema amekataa, kuandika amekataa."

"Na akikataa, nini?"

"Anarudi nyumbani. Safari hakuna."

"Yeye anajua hivyo?"

"Ameambiwa. Anajua."

Mimi nilikuwa naona miguu yake tu, na viatu vyake vya tairi. Nikafikiri: sasa atasema hanijui, na nani atamlaumu? Neno moja tu, na mke wake atakuwa na mtu wa kumwinua asubuhi.

"Andika," akamwambia afisa mwenyewe, bila kupitia kwa Felician. "Mimi sitaki aende. Mke wangu pale nyumbani ni mgonjwa. Ukiniuliza aende, nasema asiende. Lakini hukuniuliza hivyo. Umeuliza ni nani. Ni mke wa mwanangu. Nilikuja kusikiliza. Angetaja jina langu mbele yako, ningesema simjui, na ningemrudisha. Hakutaja. Nitasema nini mimi?"

Felician alitafsiri polepole, na safari hii hakucheka. Afisa aliacha kalamu hewani mpaka maneno yakaisha, halafu akaandika, akaandika tena, akachukua muhuri na kuupiga kwenye faili langu. Akamwomba mzee aweke dole gumba. Mzee akaweka, akajipangusa wino kwenye shuka.

Kisha akamuuliza Felician, "Huko anakokwenda, kuna mwanamke mwingine asiyetaja jina langu?"

"Hakuna, mzee. Huko watalitaja wote. Na yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mke wa mwanao, watamwita kwa jina hilo hilo, kila siku."

Mzee akageuka akanitazama usoni. Tangu niolewe hakuwahi kunitazama hivyo, na nikashusha kitenge anione.

"Basi utakuwa peke yako," akasema kwa Kidatoga, lugha yetu.

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Tukatoka, yeye mbele, mimi nyuma, tukaenda kutafuta lori la kurudi.