Hapa Hakuna Vita

Tangu Mutugi apatikane na saratani, kila mgeni aliyefika kwake Kibirichia alimwambia neno moja: pigana. Neno hilo lilimzonga mkewe Ruguru kama nzi. Hakutulia, alichochea jiko, akafunga dirisha, akalifungua tena.

"Mama Gladys," Mutugi akamwuliza mkewe, "nikishindwa, watu watasema sikujitahidi?"

Ruguru akaghadhabika. Akawaza: viazi vikichomwa na baridi shambani, nani huvilaumu?

Mlangoni mzee wa kanisa akabisha hodi. "Shujaa wetu anaendeleaje na vita?"

"Hapa hakuna vita," Ruguru akamkatiza. "Kuna Mutugi, na anakunywa uji. Karibu ukae naye."

Mzee akaketi. Akakohoa, akatazama kikombe cha Mutugi, akavuta kiti karibu naye.