Hirizi za Genowefa

Genowefa alikuwa mtu wa kanisa kuliko wengi wa mtaa wake, na bado kila kiangazi alijipatia riziki kwa kujifanya mganga wa msituni. Soko la maigizo ya kale liliwekwa chini ya magofu ya ngome, na sheria yake kubwa ilikuwa moja: ukishavuka uzio, wewe si mtu wa leo. Simu inafichwa, saa inavuliwa, na kila muuzaji anakuwa mtu fulani wa zamani mpaka kengele ya jioni ilie. Mumewe Walenty, aliyestaafu udereva wa basi, alikuwa Mchonga Vijiko wa Mfalme. Jirani yao Ziemowit, muuza pombe ya asali, alikuwa mtawa mlevi. Yeye Genowefa alikuwa Bibi Mnong'oni, mwenye manyoya ya kunguru kwenye kilemba na jicho moja amelifumba.

Bidhaa zake zilikuwa vinyago vya hirizi alivyovichonga mwenyewe majira ya baridi, ameketi jikoni huku redio ikisalisha rozari: bundi, dubu, jua lenye miale, kiganja kilichofunguka. Alivichonga kwa mbao laini, akavipaka nta ya nyuki, akavitoboa na kuvipitisha uzi mwekundu. Mwaka wa kwanza aliuza kimya kimya, na karibu vyote akarudi navyo nyumbani. Ndipo alipoelewa kwamba watu hawanunui mbao, wananunua maneno. Basi akajifunza maneno. Bundi huyu anakesha ili wewe ulale. Dubu huyu mfunge penye kitanda cha mtoto, homa haitavuka kizingiti. Asiyeamini asinunue. Watu walicheka, wakanunua.

Moyo wake haukutulia, akaenda kuungama. Padre alimwambia kwamba mradi muuzaji na mnunuzi wote wanajua ni mchezo, hapo hakuna dhambi. Alirudi nyumbani mwepesi, akachonga dubu wengi zaidi. Lakini wahenga hawakukosea: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Ilikuwa Jumamosi, jua kali, Genowefa ametoka tu kula mkate wa mafuta ya nguruwe na tango la chumvi. Akamwona mwanamke kijana anapenya katikati ya watu, amembeba mtoto aliyefunikwa blanketi katika joto lile. Alijitaja kuwa ni Kornelia, akasema mwaka uliopita alinunua dubu hapo hapo, mwanawe Tymek akiwa na homa, na usiku ule ule homa ikashuka. Tangu hapo hajamvua mtoto dubu wake. Ila sasa homa imerudi, inakataa kwenda, na dubu anaonekana hana nguvu. Je, anatakiwa kuoshwa? Au kuna maneno ameyasahau?

Genowefa alifunua blanketi. Mtoto hakulia wala hakumtazama mtu. Kila alipovuta pumzi, ngozi ilizama katikati ya mbavu zake, na midomo ilikuwa imeingia rangi ya majivu. Shingoni alikuwa na yule dubu, uzi wake umechakaa kwa jasho.

Genowefa alivua kilemba, akakiweka mezani, akafumbua jicho.

"Mwanangu, nisikilize. Mimi naitwa Genowefa. Nilikuwa mshona mapazia kiwandani. Hii ni mbao, niliichonga jikoni kwangu. Haina kitu. Mtoto huyu apelekwe kwa daktari sasa hivi."

Kornelia alitabasamu kwa uchovu, kama mtu anayeulizwa swali alilokwisha kulijibu.

"Najua unanipima, bibi. Ulisema asiyeamini asinunue. Mimi naamini."

"Sikupimi. Nilikuwa nacheza."

"Usimsikilize huyo, mama," Ziemowit alidakia kutoka kwenye mapipa yake, akidhani ni sehemu ya maonyesho. "Mganga akikana uganga, ujue leo uganga umempanda kichwani hasa."

Watu waliosimama walicheka. Mmoja alipiga makofi. Wengine walisogea, na mwanamke mmoja akamnyanyua bintiye aone vizuri. Genowefa alimwambia Ziemowit afunge mdomo wake, na kwa hilo pia wakacheka. Bibi wa watu alizitazama nyuso zile akaona kwamba hakuna hata mmoja anayemwamini. Alikuwa amejenga ukuta kwa mikono yake, kiangazi baada ya kiangazi, na sasa alikuwa ndani yake akipiga kelele.

Alifanya lile alilolijua. Alipiga ishara ya msalaba, akaweka kiganja kwenye paji la mtoto lililokuwa likiwaka, akaanza Salamu Maria kwa sauti. Kornelia alifumba macho na kuyafuata maneno taratibu, neno kwa neno, huku akimsugua dubu kwa kidole gumba. Genowefa alisita katikati ya sala. Hata Mama wa Mungu, mkononi mwake, alikuwa amegeuka hirizi nyingine.

Walenty alikuwa amekwisha kuelewa. Aliacha vijiko vyake akakimbia kuelekea langoni, kwenye hema la waokoaji wa dharura. Kornelia alimwona anakokwenda, akakaza mikono na kurudi nyuma.

"Kule hapana," alisema. "Dada yake huyu aliingia hospitali anapumua. Mimi wakanirudishia nguo zake. Kama hutaki kunisaidia, bibi, narudi nyumbani."

Akageuka. Watu walimpisha njia. Genowefa alijua kwamba akifika kwenye gari lake amekwenda, na aliyeko ndani ya blanketi amekwenda naye. Moyoni alisema, "Bwana, nionyeshe." Hakuonyeshwa kitu. Aliona kilemba tu pale mezani.

Akakivaa. Akalifumba jicho.

"Simama," alisema, kwa ile sauti nzito inayotoka tumboni.

Kornelia akasimama.

"Dubu amechoka. Amepigana mpaka amekwisha. Anasema mtoto apelekwe kwa wale wenye nguo nyekundu pale langoni. Watakapompeleka, nenda. Watakachompa, usikatae. Ukikataa, usinitaje tena, mimi sikukujua."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

Basi Kornelia alikimbia, na Genowefa nyuma yake, sketi ameikusanya mikononi. Waokoaji walimpokea mtoto, wakamvalisha barakoa ya hewa, wakaongea kwa maneno mafupi, na milango ya gari la wagonjwa ikafunguliwa. Mguu mmoja ukiwa garini, Kornelia aligeuka akaushika mkono wa Genowefa na kuubusu.

"Nilijua, bibi. Nipe mwingine, wa kule hospitali."

"Mama, tunaondoka," mwokoaji alimhimiza. Kornelia hakuuingiza mguu wa pili.

Katika mfuko wa aproni ya Genowefa alikuwamo dubu mmoja, ambaye nta yake ilikuwa haijakauka vizuri. Alimtoa akampa.

Alasiri, mmoja wa waokoaji alipita kumwarifu Walenty kwamba mtoto ana nimonia kali, lakini amewahiwa, anapumua. Walenty alifumba macho akashukuru. Genowefa naye alitaka kushukuru, ila sala haikujua ianzie wapi: kwenye asante au kwenye nisamehe.

Mbele ya meza palikuwa na foleni. Habari ilikuwa imezunguka soko zima, nayo haikuwa habari ya waokoaji. Ziemowit alimnong'oneza kwa furaha kwamba tangu aanze masoko hajapata kuona kitu kama kile, watu wanauliza dubu mpaka kwake. Genowefa alianza kuwakusanya dubu na kuwatia kikapuni. Mwanamke wa mbele, mwenye kigari cha mtoto kilichofungwa utepe mwekundu wa kuzuia jicho la husuda, alinyoosha noti.

"Ni mbao, mama," Genowefa alimwambia. "Niliichonga mwenyewe jikoni."

Mwanamke alicheka. Noti ilibaki pale pale hewani.

"Mtoto wako akiumwa," Genowefa aliuliza, "utampeleka wapi?"

Kicheko kilimkauka yule mwanamke. "Hospitali, bibi. Kwani wapi tena?"

Genowefa hakuipokea noti wala hakuikataa. Aliendelea kumtazama usoni, akitafuta kujua kama anasema kweli, au naye amekwisha kuvuka uzio.