Nukta Iliyokataa Rangi

...na sasa anasema halas, anataka kuacha, Selipher wangu, kifungua mimba wangu, ndani ya simu hii niliyoiegemeza kwenye usukani, "Dad, hii Honours imenishinda, wacha nirudi nyumbani nifundishe sekondari," nami nimekaa kwenye gari la bosi nje ya kliniki ya meno hapa Jeddah, injini inanguruma ili ubaridi usikatike, madam yuko ndani anang'arishwa meno, na sijui niseme nini, mimi Protus, mtu ambaye Riyadh nzima, sawa, Shumaisi nzima, sawa basi, ile nyumba yetu ya Shumaisi tunayokutana siku za mapumziko, hakuna aliyewahi kuniona nimekosa neno, mimi niliyemkuta ngamia amelala katikati ya barabara tukija huku na bosi likizo ya mwaka jana, nikashusha kioo nikamwambia yalla, inuka, bosi wako, kafili, anakutafuta, akainuka akaenda zake, na Jackton, mwenzangu wa Shumaisi, kila mara ananiuliza, "Alielekea wapi, Protus?" namjibu kwao, kwani wewe ukiambiwa unatafutwa unaelekea wapi... na leo huyu msichana ananiuliza neno moja tu, niache?, ulimi umekauka kama kiatu cha mlinzi... "Dad, uko?" Niko, mama, niko, namwita mama kwa kuwa jina lake ni la mama yangu mzazi, na ukimkemea unajikuta umeomba msamaha kabla hujamaliza... "Profesa ananingoja, niko nje ya mlango wake, nikiingia nataka nimwambie nimeacha, lakini nimeona nikuulize kwanza," hebu fikiria, duniani kuna watu wangapi wenye digrii na yeye anamuuliza mtu aliyekaa kidato cha pili muhula mmoja, tena ule muhula wa mvua... huko Durban aliko, hesabu unasoma miaka mitatu, wengi wanavaa majoho wanapiga picha wanaenda zao, wachache wanabakizwa mwaka mmoja zaidi, ndio huo unaitwa Honours, unapewa profesa mmoja na swali moja, unafungiwa nalo kama ndoa, na swali la Selipher ni la nukta na mistari, usicheke, nami nilicheka mwanzo, unachora nukta, unaziunganisha kwa mistari, halafu unazipaka rangi, ila nukta mbili zilizoshikana kwa mstari zisivae rangi moja, basi, hiyo ndiyo shida yote, na yeye alikuwa na aina fulani ya michoro ambayo alitaka kuonyesha kwamba rangi tatu zinaitosha siku zote, uchore mkubwa uchore mdogo, tatu, na amekuwa akinieleza kwa simu tangu Januari, mimi nikingoja madam sokoni, nikingoja watoto shuleni, nasema ehe, ehe, nimeiona hiyo, na wallahi kuna siku niliiona kweli, karibu... "Dad, unanisikia?" Nakusikia, mama, nafikiria... mwezi uliopita alipiga akasema Dad, nafikiri imekubali, nafikiri, ndivyo alivyosema, na hilo neno "nafikiri" mimi nililiacha palepale kwenye simu, nikafika Shumaisi nikatangaza imekubali, ikapikwa chapati, Jackton akaleta kuku, Zacharia ambaye ndiye mchungaji wetu chumbani akasimama akatoa shukrani kwa Bwana kwa ajili ya rangi tatu za binti yetu, tukaimba chinichini majirani wasisikie, watu wazima, madereva na walinzi, tumefumba macho tunashukuru kwa nukta, na nikalia, siwezi kukana, nililia na kuku mdomoni, tangu hapo jina langu ni Baba Rangi Tatu... na jana profesa wake, mama mmoja mfupi mwenye viatu vya kukimbilia, alichukua chaki akachora ubaoni mchoro mmoja, mmoja tu, akamwambia jaribu huu, akajaribu mpaka jioni, umekataa. "Umekataa vipi?" nauliza. "Umekataa, Dad. Unataka rangi ya nne. Na mmoja ukikataa, kazi yangu yote imeanguka." Mmoja! Miezi yote hiyo, mchoro mmoja tu, na namsikia Jackton masikioni kama yuko kiti cha nyuma, "Sasa Baba Rangi Tatu, tulimshukuru Mungu kwa nini hasa? Tumrudie tumwambie tulikosea?" na kabla sijajizuia mdomo umeshaniponyoka, "Mama, na ukiupangusa huo mchoro?" "Dad!" Anacheka, analia na anacheka, naujua huo mseto, mama yake anao. "Hata ukiupangusa, uko." Uko wapi, na ubao umeshapanguswa? "Uko tu. Hata kama profesa hangeuchora, ungekuwa uko." Mwangalie huyu, hilo ni jambo la kumwambia mtu aliye peke yake kwenye gari... lakini limeniingia, limekaa, eti miezi yote tukila chapati mchoro ulikuwa uko mahali umekunja mikono unatungoja... nirushie niuone, namwambia, na sijui kwa nini nimesema hivyo, nilitaka tu muda, simu inatetemeka, naufungua, kumbe ni kitu kidogo, nukta chache zimezungukana na mistari inapitana katikati, kama kishada kilichokanyagwa, hiki ndicho kimemwangusha mtoto wangu? Hiki? Ngoja... naugeuza mgongo wa boksi la tishu la madam, nachora kwa kalamu ya bosi, nukta, nukta, mstari, na kule nyuma mtoto wa bosi ameacha pakiti ya peremende, Mungu ni mwema, nyekundu, njano, kijani, na za buluu, za buluu sizihitaji, nazila ili zisinijaribu... "Dad, unatafuna nini?" Sitafuni, mama, napiga hesabu... nyekundu hapa juu, hii imeshikana nayo basi njano, hii nyekundu tena, hapa kijani, naona inaenda, naona profesa ataaibika leo, viatu vyake na chaki yake, nimebakiza nukta moja, na hiyo nukta imeshikwa na nyekundu, imeshikwa na njano, imeshikwa na, ah, kijani. Nabadilisha ile ya pembeni. Sasa pembeni kunagombana. Naanza upande mwingine, kwa njano, nashuka polepole, kama unavyoingiza gari refu vichochoro vya Ghulail hapa mjini, kidogo mbele, kidogo nyuma... imekataa. Tena palepale pabaya, au si palepale, shida imehama, nimeifukuza hapa imeenda kujificha kule, na mimi hadi leo sijawahi kuona kitu kinachokataa bila kelele, bosi akikataa anapiga meza, madam akikataa anazima simu, hiki kimekaa tu, hakina ubaya na mtu, hakijui hata kwamba mimi ni Baba nani... "Mama," namwambia, na sauti yangu imetoka ndogo, sijui ya nani, "mimi hii nimejaribu. Imekataa kabisa." "Najua, Dad." "Yaani hata ukibembeleza." "Najua!" Halafu, kwa sauti nyingine, "Lakini ni nzuri, si ndiyo? Jana nilichukia, usiku sikulala, lakini ni nzuri kidogo." Nzuri, mama, ni nzuri vibaya sana... na pale pale namwona akiwa na miaka mitano, likizo yangu ya kwanza, nimetua na mablanketi na saa ya ukutani, mtoto amesimama mlangoni na mkono kiunoni, haniamini, ananiambia kama wewe ndiye Baba, sema kitanda changu kiko chumba gani, nami nyumba ilishajengwa upya nikiwa huku, nikasema kwa kujiamini, chumba cha kushoto, akasema, "Umekosa. Lakini ingia," akasogea, akaniachia njia... na sina cha kumwambia kuhusu kuacha, sasa naona vizuri kabisa kwamba sina, si langu, ningesema baki ningekuwa nasema kwa ajili ya kuku wa Jackton, ningesema rudi ningekuwa nasema kwa ajili ya machozi yake, kwa hiyo nakaa kimya, mimi, kimya, na simu iko wazi, namsikia anapumua huko Durban, namsikia ananong'ona, si kwangu, "kama huu unakataa... ni ipi mingine?" "Unasemaje, mama?" "Hapana, Dad, najiuliza tu. Kama huu ni peke yake, au iko mingi ya hivi. Na kama iko mingi, inafanana na nini." Namjibu sijui. Ni mara ya kwanza namwambia mtoto huyu sijui, na hakushtuka hata kidogo, kumbe alijua siku zote, kumbe zile ehe zangu alikuwa akizipokea kama mtu anavyopokea chai, si kwa sababu ana kiu... "Dad, profesa amefungua mlango." Utamwambia nini? "Sijui. Nitamuuliza hilo kwanza. Nikipiga baadaye utashika?" Kwani lini sikushika, na amekata, au mtandao umekata, madam bado hajatoka, ubaridi bado unapuliza, hakuna gari lililosogea mbele yangu wala nyuma, nami nimegeuza upande mwingine wa boksi la tishu, mweupe, nachora nukta moja, nyingine, mstari, nataka kuona kama naweza kutengeneza mwingine unaokataa.