Mji wa Mwisho wa Bibi Sechelela

Wewe unayenisikiliza, umewahi kupitiwa na usingizi mahali penye ngoma? Sechelela anapitiwa. Ni Nane Nane, viwanja vya Nzuguni hapa Dodoma vimefurika watu, na binti yake Nyemo amemkalisha nyuma ya banda la zabibu, akamfunika khanga magotini, akamwambia, mama, wewe pumzika tu. Kila mwaka humwambia hivyo, na kila mwaka Sechelela hujibu, haya mwanangu. Ng'ambo ya banda wanawake wa Mvumi wamewasha mabua wanaziotesha moto ngoma zao za muheme, ngozi ikaze, sauti itoke. Enzi zake Sechelela aliibana ile kubwa mapajani, akiipiga wazee wanaacha pombe wanakuja. Tangu ahamie mjini kwa binti yake hajaigusa, wala hajaomba. Moshi wa mabua unamwingia puani, unamlegeza, kivuli cha banda kinafunguka kama mlango, naye anapita.

Huko ng'ambo ni Dodoma ileile, ila barabara hazina mwisho, zinakwenda zinajirudia, na kila kona ina sikukuu yake. Hapa ni Idi, watoto wananukia marashi, viatu vipya vinalia kwi kwi. Akigeuka ni Krismasi, kwaya inapita na sare zake za zambarau, mtu anakimbiza kuku aliyeponyoka. Akigeuka tena ni Nane Nane, fahali amepigwa brashi mpaka anang'aa. Na kila mahali, mbele kidogo, muheme inalia, naye anaifuata, na akikaribia inahamia mtaa mwingine. Anamkuta mtu hana uso, pale pa uso ni laini kama kitako cha kibuyu. Mbukwenyi, anamwamkia, maana adabu ni adabu hata kwa asiye na uso. Baba, nielekeze muheme inapopigwa. Mtu yule anasema, kitendawili. Tega. Kila sikukuu yupo, sikukuu haijamkuta. Sechelela anafikiri. Mpishi wa pilau? Mtu anacheka bila mdomo, bibi wee, mpishi ndiye wa kwanza kushiba, nipe mji. Basi anampa Kondoa, kama ilivyo desturi ya kushindwa, na mara Idi yote inazimika, marashi na viatu na watoto. Haya, mji umeupata, nipe jibu langu. Huku jibu analo aliyeshindwa, anasema mtu yule, sema au lipa. Sechelela jibu analijua tangu alipotoa Kondoa, limemkaa ulimini, lakini ni rahisi kwake kutoa mji kuliko kulitoa. Anampa Mpwapwa. Krismasi inakwenda na kwaya yake na kuku wake. Bibi, wewe tajiri wa miji, maskini wa neno. Sasa umebaki na Dodoma, na ukinipa hiyo utaamkia wapi? Hapo anawaona, wanawake wasio na nyuso wamesimama duara, kila mmoja na ngoma yake mapajani, na katikati iko ile kubwa, haina mtu, inainama taratibu, inataka kuanguka. Ni mimi, anasema Sechelela, huyo wa kitendawili ni mimi. Vema, anasema mtu yule, na huyo mimi anataka nini? Sechelela anafungua mdomo, na jua linamwingia machoni.

Kuna mtu amemwinamia. Jua liko nyuma yake, uso hauonekani, ni weusi mtupu ndani ya kilemba. Mama, ulikuwa unaweweseka. Nikuletee maji? Sauti ni ya Nyemo, ila hata kule sauti zilikuwa za watu. Mabua bado yananuka. Sechelela anamshika mkono, ni wa moto, haumwambii kitu. Sikiliza, anasema, kama ni wewe Nyemo, na hata kama si wewe. Sitaki maji wala sitaki kupumzika. Nataka kupiga muheme, mwanangu. Ile kubwa. Leo.