Mayai Tisini na Sita kutoka Magu

Simu iliita saa tatu asubuhi, Kija akiwa ameshika yai.

"Mama Luhende? Naongea kutoka kliniki. Majibu ya Hellen yametoka. Kesho uje asubuhi, na baba yake uje naye."

"Niambie sasa hivi, sista."

"Haya hatuyasemi kwenye simu, mama. Njooni wote wawili."

Kija alilirudisha yai kwenye trei taratibu, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tangu amalize diploma yake chuo cha mifugo alikuwa akitotolesha vifaranga pale Kisesa, miaka tisa sasa, na hakuna aliyewahi kumkuta ameketi saa za kazi. Mgongoni mwake Hellen alilala fofofo, miezi miwili, mzito na wa moto kama mkate uliotoka jikoni muda huo. Au alikuwa wa moto kupita kiasi? Kija alimgusa shingo. Akamgusa tena.

Hofu yake ilikuwa na jina. Luhende, mtoto wake wa kwanza, alikuwa na siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Alipofika miezi saba vidole vyake vilivimba hadi vikang'aa, wao wakampaka mafuta wakidhani ameumwa na mdudu. Wiki mbili baadaye alikuwa kitandani hospitali akiongezewa damu. Sasa alikuwa na miaka saba, na Kija alikuwa amejifunza vilio vyake vyote: cha kunyimwa, cha kuanguka, na kile cha mifupa, ambacho hakina sauti, mdomo tu umefunguka.

Wakati ule yeye na mumewe Mashimba walipimwa. Wote wawili hawaumwi, wote wawili wamebeba kinasaba chake. Sista akawaeleza kwamba kwa kila mimba, nafasi ya kupata mtoto mgonjwa ni moja kati ya nne. Mashimba alilibeba neno hilo hadi Magu kwa mama yake, na lilipofika huko likawa limebadilika sura: katika watoto wanne mmoja ndiye huumwa, Luhende ameshalichukua fungu hilo, watatu wanaofuata ni salama. Mtoto wa pili, Shimba, alipozaliwa, akapimwa, akaonekana mzima, ukoo mzima ukaona hesabu inakwenda sawa. Basi Hellen alipokuja, Mashimba akasema kumpima ni kumtafutia mtoto ugonjwa bure. Kija alibishana naye mara mbili. Mara ya tatu hakubishana. Siku ya chanjo ya wiki sita alimpeleka kimyakimya, akachomwa kisigino, damu ikachukuliwa kupimwa.

Sasa ilibidi aseme. Akampigia mumewe aje.

Mashimba, fundi wa injini za boti, alitoka kazini Mkuyuni akafika saa sita mchana, ananuka petroli, akidhani mkewe anaumwa. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Umempima kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mama yake."

"Mama Luhende, hili jambo tulishalimaliza."

"Mlilimaliza wewe na mama. Mimi nilikuwa napika."

Mashimba akacheka kidogo, akatoa simu, akampigia mama yake huko Magu na kuweka sauti ya juu ili Kija asikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona saa hizi?"

Akamweleza. Bibi akasema, "Mwambie mke wako diploma ya kuku isimtie wazimu. Mgonjwa wenu mmoja mnaye. Mungu hahesabu mara mbili."

"Shikamoo mama," Kija aliinamia simu. "Niombee tu."

"Marahaba. Nakuombea, mwanangu. Lakini acha kutetemesha nyumba."

Simu ilipokatika Mashimba alikunja mikono. "Umesikia. Wamekuita wakupe cheti cha majibu tu."

"Cheti hakihitaji baba," Kija akasema.

Kija alimshika mkono, akamwingiza chumba cha kumulikia mayai, akashusha plastiki nyeusi ya mlangoni. Giza likawafunika mchana kweupe. Ikabaki taa moja iliyofungwa ndani ya boksi, na tundu dogo la kuwekea yai.

"Haya ni tisini na sita, yana siku saba kwenye mashine," alisema. "Yameletwa na mama mmoja wa hukohuko Magu. Mayai yake nayajua, kila safari karibu robo hayana kitu. Nipe manne. Usichague."

"Nimeacha injini ya mtu imefunguliwa."

"Nipe manne."

Mashimba akapapasa, akampa. La kwanza liliwaka wekundu, na ndani yake mishipa kama mizizi, na katikati nukta inayorukaruka. La pili vilevile. La tatu liliwaka tupu, njano, kama balbu. La nne lilikuwa na mishipa.

"Mmoja kati ya wanne," Mashimba akasema kwa furaha. "Si ndicho ninachosema kila siku?"

"Endelea."

Manne yaliyofuata yote yalikuwa mazima. Akaguna. Yaliyofuata, mawili matupu. Kija aliandika kwa chaki ubaoni. Ilipofika mara ya saba Mashimba aliacha kutania. Mara ya kumi na moja, yai la kwanza likawa tupu.

"Yanayobaki hapa ni mazima," alisema upesi. "Limeshatoka."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

La pili lilikuwa tupu. La tatu, tupu. Kwenye mwanga ule wa njano Kija aliuona uso wa mumewe ukilegea. La nne lilikuwa na moyo unaodunda, lakini Mashimba hakulitazama.

Waliyamaliza yote, makundi ishirini na manne. Kija akasoma ubaoni. Makundi saba hayakuwa na bovu hata moja. Kumi na mawili yalikuwa na moja. Manne yalikuwa na mawili. Hilo moja lilikuwa na matatu.

"Chuoni walitufundisha kuyahesabu haya kabla hujafungua trei," alisema. "Nilikuwa nimeshayaandika kwenye karatasi: karibu makundi nane bila bovu, kumi yenye moja, matano yenye mawili, moja lenye matatu. Ninaweza kukuambia makundi mangapi yatakuwa na mawili mabovu. Siwezi kukuambia ni yapi. Yai halijui la jirani yake limekuwaje, baba Luhende. Na Hellen hajui Luhende amepata nini. Kwake yeye inaanza upya, moja kati ya nne, kama vile hatujawahi kuzaa."

Mashimba aliusoma ubao tena. Hatimaye akasema, "Basi tatu kati ya nne ni mzima."

"Ndiyo."

"Hiyo ni nyingi."

"Ni nyingi."

Tangu saa tatu Kija alikuwa akijiambia hivyohivyo, na haikuwa imemsaidia. Alikuwa ametaka mwenzake aogope pamoja naye. Sasa alipomsikia anavyohema gizani, alijuta, akatamani angemwachia utulivu wake hadi kesho.

Asubuhi walifika kliniki kabla ya mlango kufunguliwa. Benchi lilijaa akina mama. Kila mmoja aliyeingia, Kija alimtazama usoni alipotoka, kisha akakoma kutazama. Mashimba alimbeba Hellen mwenyewe, akimfunika na koti lake ingawa jua lilikuwa limeshapanda.

Zamu yao ilipofika, sista hakuzungusha maneno. "Ana siko seli," alisema. "Poleni. Lakini mmemleta mapema, na hiyo ina maana kubwa."

Kija alishika ukingo wa meza. Kando yake Mashimba hakuuliza kama wamekosea jina, wala hakusema watamwambia nini mama yake. Aliuliza, "Tunaanza na nini?"

"Dawa hii mara mbili kila siku, kumkinga na vijidudu, bila kuruka. Akipata homa, hata kidogo, mnakuja hapohapo, hamsubiri kuche. Na bandama. Kwa watoto hawa inaweza kujaa damu ghafla, ndani ya saa chache, na ndiyo inayotuulia wengi. Mnaipapasa kila asubuhi."

"Nionyeshe," Mashimba akasema.

Sista alimlaza Hellen chali, akavishika vidole vya Mashimba, vinene, vyenye oili iliyogoma kutoka kwenye kucha, akaviweka chini ya mbavu za kushoto. "Bonyeza polepole. Akivuta pumzi, sikiliza kwa vidole."

Mtoto alirusha miguu. Mashimba alifumba macho, kama afanyavyo anaposikiliza injini.

"Sisikii kitu," Mashimba alisema kwa woga. "Nimekosea?"

"Hujakosea. Ndivyo inavyotakiwa," sista akamjibu. "Kila siku mtatafuta, na kila siku muombe msikute kitu. Mama, njoo na wewe ujaribu."

Kija alisugua viganja vyake vipate joto, akainama.